Mashine tatu za steshenari huku Ngamiani, Windows 10 imeshaisha saport. Nihamie Linux au nitajuta?

kijana_ngamiani

Wakuu habari za jioni. Nina steshenari ndogo huku Ngamiani Tanga, kazi zetu ni zile mnazozijua, kopi, kuprinti, kuskani, kuandika CV na barua za maombi, kumjazia mtu fomu za mtandaoni, picha za pasipoti, na msimu wa harusi ukifika kadi za mchango. Mashine ninazo tatu, desktopu mbili za i3 kizazi cha nne RAM 4 zenye diski za zamani, na laptopu moja ya i5 kizazi cha sita RAM 8 ina SSD (diski ya kisasa yenye kasi). Zote zina Windows 10 na saport yake iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane so kwangu hakuna hata moja inayokubalika. Kuna fundi kaniambia anaweza kuipenyeza kwa elfu ishirini kila mashine lakini mie mambo ya kupenyeza nimechoka nayo, hizi zenyewe niliwekewa zikiwa zimekrakiwa na kila siku nafanya kazi ya watu roho iko juu.

Kinachoniumiza zaidi ni vairasi za flashi. Juzi kaja mwalimu na flashi ya mitihani yake, nimechomeka tu kila folda imegeuka shotikati, na bahati mbaya na flashi zangu mbili zilizokuwa zimechomekwa zikaambukizwa. Mwalimu wa watu kasimama pale anatoka jasho maana mtihani ni kesho asubuhi. Sikuweza kumsaidia na mpaka leo inanikaa moyoni.

Sasa mdogo wangu anayenisaidia dukani amemaliza cheti cha IT na anataka kusomea usimamizi wa seva, yeye ndo anasema kaka tuweke Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Maswali yangu ni haya, printa zitakubali? (Nina Epson L3110 na laser moja ya zamani.) Mafaili ya Word ya wateja yatafunguka vizuri? Na mtu kama mie ambaye sijawahi kuandika komandi hata moja naweza kuisimamia mwenyewe au kila siku nitakuwa namtafuta mtu?

mdau_pongwe

Weka Linux Mint ya Xfce mkuu, ni toleo jepesi la Linux. Laptopu yangu RAM 4, mwaka wa tatu huu haijaganda hata siku moja.

fundi_seva

Ndugu yangu karibu. Kazi yangu ni kusimamia seva, nakaa huku Chumbageni, na nyumbani pia natumia Linux tangu 2012 so nitakwambia na mazuri na mabaya.

Kwanza usiinstoli chochote. Pakua hiyo Mint Xfce, faili lake ni karibu GB 3 kwa hiyo subiri bando la usiku, liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au Ventoy, halafu washa desktopu moja ukiwa umechagua iwake kwa flashi. Itawaka yenyewe bila kugusa diski yako. Kaa nayo siku mbili hivyo hivyo, itakuwa nzito kidogo maana inasoma kwenye flashi lakini utajua kama sauti, intaneti na printa vinakubali. Hapo ndo watu wengi wanakosea, wanafuta kila kitu siku ya kwanza halafu wakikwama wanasema Linux mbaya.

Printa. L3110 isikutie wasiwasi, draiva yake (programu inayoiendesha) escpr imo, na ya kuskani Epson wenyewe wanatoa Epson Scan 2 ya Linux. Hiyo laser ya zamani ndo ya kuijaribu mapema, kuna laser nyingi zilitengenezwa zikitegemea draiva ya Windows tu, ikigoma usipoteze wiki nzima unahangaika nayo, iache kwenye mashine itakayobaki na Windows.

Hiyo habari ya mwalimu imenigusa maana ndo sababu iliyonihamisha mie. Zile vairasi za shotikati haziyafuti mafaili, zinayaficha kwa alama ya kuficha ya Windows halafu zinaweka shotikati mahali pake ili ukibofya ziwake. Linux haiifuati hiyo alama, so ukichomeka flashi unaona mafaili halisi yote yapo wazi pembeni ya zile takataka, na zile takataka haziwezi kuwaka maana zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Unamkopia mteja mafaili yake, unaformati flashi, unamrudishia. Dakika tano. Ila usije ukamkopia na hilo lifaili la vairasi, maana wewe halikudhuru lakini yeye akifika nyumbani litamdhuru.

RAM 4 inatosha kwa Xfce kama hufungui tabu (kurasa za mtandao) thelathini za Firefox. Kinachozichelewesha hizo desktopu zako ni diski. Nunua SSD za GB 120 au 240, hata used ukipata nzima, utadhani umenunua kompyuta mpya.

Umeme ukikatika ghafla, ext4 ambayo ndo fomati ya diski ya Linux ina jono, yaani inaandika kwanza inachotaka kufanya kabla ya kukifanya, kwa hiyo ikiwaka inajipanga yenyewe na mara nyingi hata hutajua. Lakini barua uliyokuwa unaandika na hukuseva, hiyo jono haiiokoi. Ingia kwenye mipangilio ya LibreOffice (ndo Word ya huku) uweke ijiseve kila dakika mbili.

Sasa la kusimamia, hapa nataka unielewe vizuri. Linux siyo kwamba haiharibiki. Inaharibika, ila ikiharibika inakwambia imeharibika wapi, na mie kilichonibakisha huku miaka yote hii ni hicho, siyo ubure wake. Kuna ofisi moja hapa mjini walikuwa na mashine inakuwa nzito kila mchana, kila fundi anakuja anaformati anachukua hela yake anaondoka, baada ya mwezi tatizo lile lile. Nilivyowawekea Linux nikaandika `journalctl -p err`, hiyo inakuonyesha makosa tu, nikaona mistari ya diski inashindwa kusoma, mingi. Nikaangalia kwa `smartctl -a /dev/sda` nikakuta sekta zilizokufa zinaongezeka kila siku. Diski ilikuwa inakata roho na kuformati kulikuwa kunaificha tu. Tulitoa mafaili yao yote jioni ile, siku ya tatu diski haikuwaka tena.

Komandi za kuanzia, unaziandika kwenye dirisha la terminal, hata kumi hazifiki. `df -h` diski imejaa kiasi gani, `free -h` RAM, `top` nani anakula mashine, `sudo apt update` kisha `sudo apt upgrade` za kuapdeti (sudo mbele ni kutumia nguvu za admini). Printa ikikwama na kazi zimejipanga hazitoki andika `cancel -a` halafu `sudo systemctl restart cups`, cups ndo inayoendesha printa. Hiyo moja tu kwa mtu wa steshenari itakuokoa kila wiki. Na tafadhali sana, usichukue komandi mtandaoni yenye sudo mbele ukaipesti bila kujua inafanya nini, hasa ukiona `rm -rf`, hiyo inafuta bila kuuliza. Andika `man` na jina la komandi usome, ni maandishi mengi lakini majibu yamo.

dada_wa_kadi

Kaka kijana_ngamiani mie nakuomba usihamishe zote tatu. Nasema kwa yaliyonikuta. Natengeneza kadi za harusi na picha, niko huku huku Tanga, mwaka juzi nilihamia Linux yote kwa mkupuo. Kompyuta ilikuwa nyepesi kweli na sikuona vairasi, hilo siwezi kulikataa. Lakini Photoshop haina toleo la Linux, CorelDRAW hivyo hivyo, na kazi zangu za miaka sita zote zipo humo. GIMP ya kuhariri picha nilijifunza, picha za pasipoti nikawa nazifanya vizuri tu, kukata, kubadilisha bakgraundi kuwa ya bluu au nyeupe, kuzipanga nane kwenye karatasi, hiyo ukishaizoea siku nne tano huoni tofauti. Kadi ndo zilinishinda, mteja anakuja anataka ile ile ya dada yake ya mwaka jana abadilishiwe majina tu, nami faili silifungui. Inkscape ya kuchorea ni nzuri lakini inataka uanze upya kila kitu, na msimu wa harusi mtu hakusubiri uanze upya.

Na kama una kadi ulizofanya kwa Publisher zibadilishe mapema, maana Microsoft wenyewe wametangaza saport yake inaisha Oktoba 2026. LibreOffice Draw inazifungua baadhi lakini mpangilio unavurugika.

Mie sasa hivi natumia mbili, Linux ya kaunta inayopokea flashi za watu, na Windows ya kadi ambayo flashi ya mtu haiigusi hata kidogo. Nimetulia.

fundi_seva

Dada umesema vizuri kuliko mie. Hata mie ningemshauri laptopu ibaki ilivyo kwanza.

kijana_ngamiani

Wakuu asanteni sana, nimerudi na majibu. Jumamosi tulifunga mapema na mdogo wangu tukajaribu kwenye desktopu moja kwa flashi, tukaipenda, Jumapili tukainstoli pembeni ya Windows bila kuifuta. Epson imekubali yenyewe, nimechomeka tu ikaandika imepatikana. Laser imegoma kama ulivyosema, nimeihamishia kwenye laptopu.

Shida nilizokutana nazo ni tatu. Kale kadongo ka waifai kanakochomekwa USB hakaonekani kabisa, tumetumia simu kwa waya wa USB ndo tukapata intaneti. Ya pili, diski D yenye kazi zangu inafunguka nasoma kila kitu lakini kuseva inakataa inasema ni ya kusoma tu. Ya tatu ndo imenitisha, CV za wateja ambazo zilikuwa ukurasa mmoja zikifunguka LibreOffice zinakuwa kurasa mbili na mistari imeteremka. Mteja akiona hivyo atasema nimemharibia.

fundi_seva

Hizo zote ni za kawaida usiogope.

Diski D: Windows ya siku hizi ukibonyeza zima haizimiki kabisa, inalala nusu ili kesho iwake haraka, inaitwa Fast Startup, na inaiacha diski ikiwa imeshikiliwa. Linux ikiona hivyo inakataa kuandika ili isikuharibie mafaili, hapo inakulinda. Ingia Windows, fungua dirisha la komandi (Command Prompt) kama admini, andika `powercfg /h off`, zima, rudi Linux. Utaseva.

CV: zile ziliandikwa kwa fonti ya Calibri ambayo ni ya Microsoft na kwako haipo, LibreOffice inapopachika fonti nyingine upana wa herufi unabadilika, mistari inasukumana. Kuna fonti inaitwa Carlito ilitengenezwa makusudi iwe na vipimo sawasawa na Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. Andika `sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`, funga LibreOffice ufungue tena, kurasa zitarudi. Times New Roman na Arial zina mbadala wake wa Liberation umo tayari. Na CV ukishaimaliza mpe mteja PDF pamoja na faili la Word, PDF haitembei tembei popote ikifunguliwa.

Waifai: andika `lsusb`, utaona namba mbili zenye nukta pacha katikati, ndo utambulisho wa hako kadongo, niwekee hapa nikutafutie draiva. Lakini kwa duka, mie ningevuta waya wa LAN. Mashine hazihami, waya haukatiki katiki, na huku kwetu joto na hewa ya chumvi vidongo vya bei rahisi havidumu.

Na ukivuta waya ndo nikuambie mdogo wako, maana najua anasoma hapa. Mdogo wangu, ukitaka usimamizi wa seva usisubiri upate seva, hapo una mashine tatu kwenye mtandao mmoja, ni shule kamili. Anza na SSH, njia ya kuingia mashine nyingine kupitia mtandao. Kwenye desktopu ya pili weka `openssh-server`, halafu kaa kwenye ya kwanza uiapdeti ile ya pili bila kuinuka kwenye kiti. Siku utakayofanya hivyo utaelewa kwa nini watu wanaipenda hii kazi, kwa sababu seva iliyopo Ulaya au Dar unaifanyia hivyo hivyo, komandi ni zile zile. Tengeneza funguo za SSH kwa `ssh-keygen` usiingie kwa paswedi kila mara.

Kisha bakapu. `rsync -a /home/duka/Kazi/ duka@192.168.1.20:/home/duka/Bakapu/`, angalia huo mkwaju wa mwisho baada ya Kazi, ukiuweka inakopi vilivyomo ndani, usipouweka inakopi na folda lenyewe, watu wanateseka sana hapo. Ukishaona inafanya kazi kwa mkono iweke kwenye cron (ratiba ya Linux) ijiendeshe saa mbili usiku kila siku. Lakini cron ikikuta mashine imezimwa saa ile inapita hivyo hivyo haikumbuki, kwa hiyo kwenye umeme wetu huu bora ujifunze taima za systemd, ratiba ya aina nyingine, unaweka `Persistent=true` na mashine ikiwaka asubuhi inafanya iliyoikosa usiku.

La tatu ambalo litamfurahisha kaka yako mfukoni ni apt-cacher-ng, inatunza apdeti zilizokwisha pakuliwa. Unaiweka kwenye mashine moja, nyingine unaziambia zipitie hapo kwenye poti 3142. Apdeti ikishapakuliwa na mashine ya kwanza, ya pili inaichukua ndani ya duka bila kugusa bando. Mashine mbili bando la moja.

Na mtumiaji wa kaunta asiwe na sudo. `sudo adduser kaunta`, basi, huyo anafanya kazi zote za wateja lakini hawezi kuharibu mfumo hata akibofya nini.

mwalimu_raskazone

Wanangu nimesoma yote nimefarijika. Mimi ni mwalimu mstaafu. Linux niliijua mwaka 2007, wakati huo Ubuntu walikuwa wanatuma CD kwa posta bure popote duniani, unajaza jina na sanduku lako kwenye tovuti yao, baada ya wiki kadhaa unaitwa posta unakabidhiwa bahasha. Niliomba kumi nikawagawia walimu wenzangu. Waliusitisha utaratibu ule 2011. Aliyeianzisha Ubuntu mwaka 2004, Mark Shuttleworth, ni wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni utu, neno letu sisi Wabantu wote, ndiyo maana halikunipa shida kulieleza darasani.

Na jambo ambalo vijana wengi hamlijui, mwaka huo huo wa 2004 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, katika mradi ulioitwa Kilinux. Hiyo LibreOffice mnayoizungumzia ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hawakumwomba mtu ruhusa ya kutafsiri menyu. Nilimwona mama mmoja mhazini wa kikundi, elimu yake darasa la saba, anasoma menyu kwa lugha yake na kubofya bila kuniuliza. Kijana wangu, mdogo wako akishaiva kwenye hizo komandi, mwambie na tafsiri nayo ni kazi ya Linux, inahitaji watu wanaojua Kiswahili vizuri, na Tanga hatujawahi kukosa watu hao.

kijana_ngamiani

Shikamoo mwalimu, nimemsomea mdogo wangu kwa sauti ameguswa sana, ameanza kuuliza hizo tafsiri zinatumwa wapi.

Mrejesho. D inaandika sasa. CV zimerudi ukurasa mmoja, nimekagua kumi na mbili, moja tu ndo ilikuwa na jedwali limesogea nikalinyoosha. Desktopu ya pili nayo tumeiweka Mint, hii tumeifuta kabisa, na SSD nimenunua moja, nyingine mwezi ujao Mungu akijalia. Laptopu nimeiacha na Windows 10 ya kadi na ile laser, nimeitoa kwenye intaneti, na nimebandika karatasi kwenye kioo chake FLASHI YA MTEJA HAPANA, asante dada_wa_kadi.

Halafu yule mwalimu wa mitihani nilimpigia nikamwambia alete tena ile flashi, alikuwa bado hajaiformati. Tumeichomeka kaunta. Folda zote zipo, za kidato cha kwanza mpaka cha nne, na maksi za wanafunzi za muhula mzima ambazo alikuwa ameanza kuziandika upya kwa mkono. Nilimkopia kwenye flashi mpya sikumchaji.

fundi_seva, waya wa LAN tumeshanunua mita thelathini, kesho tunauvuta. `lsusb` ya kadongo inasema 0bda:c811 kama bado unataka kuiangalia. Na hiyo apt-cacher dogo kaiweka, ila mashine ya pili inagoma kuiona inasema connection refused, nianzie kuangalia wapi?

fundi_seva

Hiyo namba 0bda ni Realtek, nitaiangalia. Ya apt-cacher, kwenye mashine yenye kacha andika `systemctl status apt-cacher-ng` uone kama imewaka, halafu `ss -tln` utafute 3142 kwenye orodha. Ikiwa haimo, haijawaka. Ikiwa imo, hakiki anwani ya IP mliyoiandika kwenye ile ya pili, huenda ruta imeshaipa ile yenye kacha nyingine. Niletee zinachosema kama zilivyo, usinifupishie.